Mtumba, Mzigo wa China au Cherehani: Ukiingia Kwenye Nguo Ushike Ipi?

Swali hili nalisikia kwa vijana waliomaliza chuo wakakosa ajira, kwa kina mama wenye akiba ya kikoba, hata kwa watumishi wanaokaribia kustaafu: nataka kuingia kwenye nguo, nianze na nini? Mmoja kasikia kwamba belo la mitumba linarudisha hela ndani ya wiki. Mwingine ana rafiki anayeagiza Guangzhou, China. Mwingine ana cherehani ya mama yake imekaa ndani na anajiuliza kama inaweza kumlisha.

Ushauri wa mtaani hutazama faida ya mwezi wa kwanza. Naomba tutazame mbali kidogo, kwa sababu bei ya nguo haiamuliwi na muuzaji na mnunuzi peke yao. Shati linaloning'inia kwenye soko la Karume Dar es Salaam, Gikomba Nairobi au Owino Kampala limeshaguswa na mikataba ya biashara ya dunia ya Geneva, sheria za Washington, vikao vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vya Arusha na viwanda vya Guangdong, China, kabla hujalishika wewe. Anayeingia bila kujua hayo ataona mzigo unakwama, kodi inabadilika, bei inaruka, na atadhani ana mkosi.

Tutapima kwa nini

Njia zote tatu nitazipima kwa mambo yale yale. Kwanza, mzigo unafikaje mkononi mwako na unahitaji mtaji wa namna gani. Pili, nani ameshika bei. Hili nalipa uzito kuliko mengine, maana ndilo linaloamua kama jitihada zako zitakuwa na maana. Tatu, sheria gani zinaigusa biashara hiyo na nani anaweza kuzibadilisha umelala. Nne, kinachobaki hapa nyumbani: ujuzi, ajira, na taka pia. Mwisho, inamfaa nani.

Tulifikaje hapa

Wazazi wetu walivaa nguo za viwanda vya hapa. Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China mwaka 1968. Mwatex ya Mwanza. Mutex ya Musoma. Kenya walikuwa na Rivatex Eldoret na Kicomi Kisumu, Uganda walikuwa na Nytil ya Jinja. Kuelekea miaka ya 1980 fedha za kigeni zikakauka, vipuri vikakosekana, umeme na maji vikawa vya kubahatisha. Watu wakakosa nguo madukani. Bajeti ya Tanzania ya 1984/85 ikawaruhusu wenye fedha zao za nje kuingiza bidhaa, na mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kufungua uchumi zaidi. Mitumba ikamiminika.

Kwa hiyo tuseme ukweli wote. Mitumba haikuvikuta viwanda vikiwa vizima, ilivikuta vinaumwa, kisha ikavinyima nafasi ya kupona. Mchumi Garth Frazer wa Chuo Kikuu cha Toronto alikadiria mwaka 2008 kwamba kati ya 1981 na 2000, karibu asilimia 40 ya anguko la uzalishaji wa nguo Afrika ilisababishwa na mitumba. Hiyo ni sehemu kubwa, lakini zaidi ya nusu ya anguko hilo ilikuwa na sababu nyingine.

Nguo mpya nazo zina historia yake. Kwa miaka thelathini, kuanzia 1974, nchi tajiri ziliwekea nguo za Asia mgawo: kiasi fulani kwa mwaka, basi. Mgawo ule uliwafanya wenye viwanda wa Asia watafute nchi nyingine za kushonea, na baadhi wakafika hadi Athi River, Kenya. China ikaingia Shirika la Biashara Duniani, WTO, Desemba 2001, na mgawo ukafutwa kabisa Januari 1, 2005. Marekani na Ulaya ziliendelea kuibana China kwa vizuizi vya muda hadi 2008, kisha hakukuwa tena na mgawo wa kuizuia isishonee dunia nzima. Kontena, lililoanza kubeba mizigo baharini Marekani mwaka 1956, lilikuwa limeshaifanya nauli ya shati moja kuwa ndogo mno. Hapo ndipo soko la Kariakoo la Dar es Salaam tunalolijua leo lilipozaliwa.

Mtumba

*Mzigo na mtaji.* Mtu wa Ulaya, Kanada au Marekani anatoa nguo kwa shirika la hisani. Sehemu ndogo huuzwa kwenye maduka ya hisani huko huko. Sehemu kubwa huuzwa kwa kilo kwa kampuni za kuchambua, nyingine zikiwa kwao, nyingine katika Falme za Kiarabu, India na Pakistan. Zinachambuliwa kwa aina na daraja, zinakandamizwa kuwa mabelo, mara nyingi ya kilo 45, na kupakiwa kontena la Mombasa au Dar es Salaam. Siku hizi China nayo imekuwa muuzaji mkubwa wa mitumba, jambo ambalo wengi hawalitarajii.

Uzuri wa mtumba ni kwamba mlango wake ni mpana. Ukiwa na hela ya belo moja umeingia. Ukikosa hata hiyo, unakwenda asubuhi mabelo yanapofunguliwa na kuchagua vipande, au unachukua mali kauli kwa mtu anayekuamini, unauza, unarudisha. Sijui biashara nyingine ya nguo inayompokea mtu mwenye mtaji mdogo kiasi hicho, na hela huzunguka haraka.

*Nani ameshika bei.* Mchambuaji wa mbali. Wewe unanunua belo limefungwa, unasoma maandishi ya nje na kuamini. Wafanyabiashara wa muda mrefu wote wanalalamika kwamba daraja la kwanza limeshuka, na sababu zake ziko huko nguo zinakotoka. Nguo nzuri sasa zinauzwa mkono kwa mkono huko huko Ulaya kupitia programu za simu kabla hazijafika kwenye mfuko wa hisani, na nguo mpya za bei rahisi wanazonunua wenzetu zimeshonwa zisidumu. Kinachoingia kwenye belo ni kile kilichobaki. Juu ya hapo kuna dola na nauli. Mashambulizi ya kutoka Yemen kwenye meli za Bahari ya Shamu yalipoanza mwishoni mwa 2023, meli nyingi za kutoka Ulaya ziliacha Suez zikazungukia Rasi ya Tumaini Jema. Muuza fulana wa Manzese hana ugomvi na mtu yeyote wa Yemen, lakini gharama ya safari ile ndefu huishia kwenye mzigo anaoununua.

*Sheria na wanaozibadilisha.* Hapa naomba ukae na mimi kidogo, maana hakuna kisa kinachoonyesha utawala wa biashara ya dunia waziwazi kuliko hiki. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza mitumba hatua kwa hatua mpaka iondoke, ili viwanda vya nguo na viatu vifufuke. Rwanda ilikwenda mbali kuliko wote: ushuru ukapanda kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.5. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani kilipeleka malalamiko serikalini kwao, kikidai uamuzi wetu unaua ajira zao. Marekani ikaanza kupitia upya sifa za nchi zetu kwenye AGOA, ile sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia kwao bila ushuru. Kenya, yenye viwanda vingi vya kushonea soko la Marekani, ilikuwa imeshajitoa kwenye mpango. Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ikakataa, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye AGOA.

Nadhani kila anayeuza mtumba anapaswa kukijua kisa hiki. Nchi zilizokubaliana kwa pamoja zilitenganishwa kwa shinikizo la chama cha wafanyabiashara wa nchi moja, kwa sababu AGOA si mkataba. Ni zawadi ya Bunge la Marekani, na mtoa zawadi anaweza kuichukua. Kwa muuza mtumba matokeo yalikuwa nafuu. Kwa mtu aliyekuwa anafikiria kufungua kiwanda yalikuwa kinyume chake.

Usidhani hatari imeisha. Kenya ilisimamisha uingizaji wa mitumba kwa miezi kadhaa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, na mwaka 2023 Rais Museveni alitangaza kwamba anaipiga marufuku. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa mitumba ni asilimia 35 au senti 40 za dola kwa kilo, kwa kutazama kipi ni kikubwa. Nguo za ndani zilizotumika zimekatazwa na mashirika ya viwango, na ukikutwa nazo mzigo unaweza kuteketezwa.

*Kinachobaki.* Mikono mingi: wabeba mizigo, wafuaji, wapiga pasi, mafundi wa kubana na kupunguza, wauza chai wa sokoni. Mtumba umevalisha maskini kwa heshima, na hilo sitalidharau. Lakini haufundishi mtu kutengeneza nguo, na unaacha taka. Pembeni mwa Gikomba vipande visivyouzika huishia Mto Nairobi. Tangu Januari 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zinatakiwa kukusanya nguo chakavu kando na taka nyingine, kwa hiyo usishangae mzigo unaotafuta pa kwenda ukiongezeka, hasa ule wa daraja la chini.

*Inamfaa nani.* Mwenye mtaji mdogo, mwenye jicho la kuchagua, anayeweza kuamka alfajiri na kusimama juani. Haimfai asiyevumilia belo baya, kwa sababu belo baya litakuja. Na masoko ya mitumba huungua: Karume iliungua Januari 2022, na Gikomba imeungua mara nyingi kiasi kwamba watu wameacha kuhesabu. Usilaze mzigo wako wote kibandani.

Mzigo wa China

*Mzigo na mtaji.* Kuna wanaopanda ndege hadi Guangzhou na kuzunguka masoko ya jumla wenyewe. Wengi siku hizi huagiza kwa simu kupitia wakala anayekusanya mizigo ya watu mbalimbali hadi kontena lijae, kisha unalipa kwa ukubwa wa mzigo wako. Kwa meli unasubiri wiki nyingi, kwa ndege unalipa kwa kilo. Njia ya meli ni nafuu lakini inafunga hela yako, na mtindo unaweza kupita kontena likiwa bado majini. Ongeza kodi ya fremu, yaani chumba cha duka, ambayo Kariakoo huombwa kwa miezi mingi mbele, na mara nyingi kilemba juu yake, yaani hela ya kuachiwa chumba hicho.

Mlango mdogo upo: kuwa winga. Unamtafutia mteja bidhaa ya duka la mtu mwingine, unaongeza chako juu. Mawinga wengi wazuri wamejifunza soko hivyo kabla ya kuagiza mzigo wao. Napenda njia hiyo kwa mtu mgeni, kwa kuwa inamfundisha saizi, rangi na vitambaa kwa hela ya wengine.

*Nani ameshika bei.* Kwa sehemu ni kiwanda, lakini kwa sehemu kubwa ni jirani yako. Gauni ulilochagua limechaguliwa pia na wenzako wengi kutoka duka lile lile la Guangzhou, na likifika yeye wa kwanza kushusha bei ndiye anayepanga bei ya wote. Thamani ya shilingi nayo haina huruma. Januari 2024 shilingi ya Kenya ilifika karibu 160 kwa dola, na mwenye deni la mzigo aliyekubaliana bei miezi ya nyuma alilia peke yake. Kwa miaka kadhaa wafanyabiashara wa Kariakoo walilalamika kwamba wauzaji wa kigeni wanaowauzia jumla wamefungua maduka na kuuza rejareja mlango wa pili. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, uuzaji wa jumla na rejareja ukiwemo. Amri hiyo inapunguza presha ya dukani. Haizuii mteja wako kuagiza mwenyewe kwa simu yake.

*Sheria na wanaozibadilisha.* Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa nguo mpya ulipanda hadi asilimia 35 kuanzia Julai 1, 2022, nchi zilipokubaliana ngazi ya nne ya ushuru juu ya zile tatu za zamani. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, VAT, asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, na tozo nyingine za bandarini. Ukisikia mtu anakuuzia mzigo kwa bei isiyoingiliana na hesabu hiyo, jiulize umepita wapi. Nguo zenye nembo ya kampuni kubwa bila idhini huteketezwa na Tume ya Ushindani kwa upande wa Tanzania, na aliyenunua jumla ndiye anayekula hasara.

Ugomvi wa wafanyabiashara na mamlaka ya kodi si jambo dogo hapa. Mei 2023 Kariakoo ilifunga maduka mpaka Waziri Mkuu akaenda kuwasikiliza, na Juni 2024 wakagoma tena. Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, pamoja na risiti na kumbukumbu za forodha lazima uziweke kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, kama unavyoweka kodi ya fremu.

*Kinachobaki.* Bandari inapata kazi, madereva wanapata kazi, na Kariakoo imekuwa duka la Wakongo, Wazambia, Wamalawi na Wakomoro. Hicho ni kitu kikubwa, jiji zima linakula humo. Ila ujuzi wa kushona, kusuka na kubuni unabaki kwa anayetengeneza. Tukumbuke pia kwamba bei ya chini ina mtu aliyeilipia. Aprili 24, 2013 jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka na kuua watu 1,134, wengi wao washonaji waliokuwa wakishonea maduka ya Ulaya na Marekani. Biashara ya dunia ina vyombo vya kusimamia ushuru na mgawo. Chombo chenye nguvu kama hiyo cha kusimamia usalama wa mshonaji hakipo, na mimi naliona hilo kuwa pengo kubwa kuliko yote katika mfumo huu.

*Inamfaa nani.* Mwenye mtaji anaoweza kuuacha ukae miezi bila kuugusa, anayejua hesabu za forodha au ana mtu mwaminifu wa kumfanyia, na mwenye wateja wanaomfuata kwa jina, iwe dukani au mtandaoni. Anayekopa kwa riba ya kila wiki ili aagize kontena anajitafutia maumivu.

Cherehani

*Mzigo na mtaji.* Mtaji wa kwanza hapa ni mikono. Mashine unaweza kuanza na moja ya kukanyaga, ukaongeza overloki baadaye, lakini kujifunza kukata suruali ikakaa mwilini huchukua muda ambao hauwezi kununuliwa. Kwa Tanzania, vyuo vya ufundi vya VETA vinafundisha, mafundi wa mtaani wanafundisha, na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, limeundwa kwa ajili ya wazalishaji wadogo. Kuna pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo ilisimamishwa 2023 na kurudishwa 2024. Fundi mwenye kikundi anayo hoja nzuri zaidi mbele ya afisa maendeleo kuliko mchuuzi, kwa sababu anaonyesha anachotengeneza.

Usidhani lakini kwamba cherehani inakutoa kwenye soko la dunia. Kitambaa, zipu, uzi na vifungo vingi unavyonunua Kariakoo vimetoka Asia. Pamba yetu ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza sehemu kubwa inachambuliwa mbegu na kuuzwa nje ikiwa nyuzi, kisha inarudi ikiwa kitambaa. Na bei anayolipwa mkulima yule hufuata soko la dunia, ambalo ruzuku za nchi tajiri zimelipinda kwa muda mrefu. Brazili iliishitaki Marekani WTO mwaka 2002 kuhusu ruzuku ya pamba na ikashinda. Kesi ikamalizwa 2014 kwa Marekani kulipa dola milioni 300. Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zilipeleka hoja ile ile tangu 2003 kwa njia ya mazungumzo, na hazikupata malipo ya namna hiyo. Brazili ilikuwa na uwezo wa kutishia kulipiza, nchi hizo nne hazikuwa nao.

*Nani ameshika bei.* Hapa wewe una sauti, kwa masharti. Ukishona fulana ya kawaida ushindane na mtumba, umeshindwa kabla hujaanza. Ukishona kile ambacho belo halina, bei ni mazungumzo kati yako na mteja. Sare za shule, ambazo msimu wake Desemba na Januari unaweza kukulisha nusu ya mwaka. Sare za kwaya na za ofisi. Nguo za kitchen party na harusi, ambako kitenge kimoja lazima kiwavalishe watu wa miili arobaini tofauti. Kanzu, vijora, magauni ya vitenge. Hakuna mchambuaji wa Ulaya anayeweza kukuletea sare ya shule ya msingi ya kata yako.

*Sheria na wanaozibadilisha.* Faida ambayo mafundi wengi hawaijui iko kwenye uasili wa bidhaa. Kilichotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kikitimiza kanuni za uasili, kinavuka Namanga, Holili, Sirari, Mutukula au Rusumo bila ushuru wa forodha. Mtumba na mzigo wa China hauna msamaha huo, kwa sababu haukuzaliwa hapa. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 upo utaratibu rahisi wa mpakani wenye cheti chepesi cha uasili kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Uliza ofisi ya forodha ya mpaka kama nguo unayoshona na kitambaa ulichotumia vinakubalika, na uliza kabla ya kusafiri. Eneo Huru la Biashara la Afrika, ambalo biashara yake ilianza rasmi Januari 2021, linaahidi jambo hilo kwa bara zima, ila kanuni za uasili za nguo ndizo zilizobishaniwa kwa muda mrefu: je, kushona tu kunatosha, au hata kitambaa kiwe cha Afrika?

AGOA ni habari ya viwanda vikubwa, kama vile vya Athi River, vinavyoajiri maelfu na kutumia kitambaa cha Asia kwa ruhusa maalumu. Mtu anayefikiria kuajiriwa huko ajue hatari yake. Aprili 2025 Marekani ilitangaza ushuru wa msingi wa asilimia 10 kwa nchi nyingi, zetu zikiwemo, na Septemba mwaka huo muda wa AGOA ulioongezwa 2015 ukafika mwisho, washonaji wakabaki wakisubiri Bunge la nchi nyingine liamue kama watakuwa na kazi.

*Kinachobaki.* Karibu kila kitu isipokuwa bei ya kitambaa. Fundi mmoja mwenye wanafunzi wawili anaacha mafundi watatu. Hapa sifichi upande wangu: kama ingekuwa ni suala la nchi tu, ningependa tuwe na cherehani nyingi zaidi kuliko mabelo. Lakini nchi haikulipii kodi ya chumba mwezi huu, na ndiyo maana sitamlazimisha mtu.

*Inamfaa nani.* Mwenye subira, anayependa kazi ya mikono na anayetimiza ahadi. Wateja wanamsamehe fundi ghali. Fundi wa "njoo kesho" hawamsamehei. Haimfai anayehitaji hela ndani ya mwezi.

Jambo moja kwa wote watatu

Kila Juni mawaziri wa fedha wa nchi zetu husoma bajeti, na mabadiliko ya ushuru wa Jumuiya hutangazwa kwenye Gazeti la Jumuiya na kuanza Julai 1. Ukiwa na mzigo unaokaribia bandari wakati huo bila kujua kilichobadilika, umecheza kamari. Nchi moja inaweza pia kuomba ruhusa ya kutotumia ushuru wa pamoja kwa bidhaa fulani kwa mwaka mmoja, hivyo nguo ile ile inaweza kutozwa tofauti Kampala na Dar. Jumuiya za wafanyabiashara na mafundi hupeleka maoni kabla ya bajeti. Ukibaki nje ya jumuiya hizo, wenye viwanda na waagizaji wakubwa watasema kwa niaba yako.

Msitegemee sana kwamba Geneva itatutetea. Chombo cha rufaa cha WTO kilikosa majaji wa kutosha kusikiliza kesi tangu Desemba 2019, baada ya Marekani kuzuia uteuzi wa wapya. Nchi kubwa inaweza kubadili ushuru wake ikijua kwamba kesi haitafika mwisho. Kwa mfanyabiashara mdogo hilo lina maana moja ya vitendo: soko la jirani, ambalo kanuni zake zinaamuliwa Arusha na watu tunaoweza kuwafikia, ni imara zaidi kuliko soko la mbali lenye upendeleo wa muda.

Kwa hali yako

Umemaliza chuo, huna dhamana, una hela ya belo moja au nusu yake: anza na mtumba, lakini wa aina moja, sema suruali za kike au nguo za watoto, ujifunze saizi na wateja wake. Omba uchague vipande kabla ya kununua belo zima.

Una ajira na akiba, unataka biashara ya pembeni isiyokuhitaji kila siku: mtumba hautakufaa, unataka mtu mwenyewe. Jaribu mzigo mdogo wa China kwa ndege, mtindo mmoja, rangi chache, uuze kwa watu unaowajua. Ukiisha ndani ya mwezi mmoja na nusu, zungumza na wakala wa meli.

Una kiinua mgongo cha kustaafu: usikitie chote kwenye kontena la kwanza, hata ukionyeshwa hesabu nzuri kiasi gani. Kaa na mwagizaji mzoefu msimu mzima uone mzigo ukishuka, ukithaminiwa forodhani na ukiuzwa. Anayekataa uone hesabu zake hajawa tayari kuwa mshirika wako.

Unakaa mji wa mpakani, Tarakea, Sirari, Mutukula, Taveta au Busia: cherehani ina nguvu kwako kuliko kwa mtu wa Dar es Salaam au Nairobi, kwa ajili ya ule msamaha wa uasili. Sare za shule za upande wa pili ni soko la kuulizia kwanza.

Mko kikundi cha akina mama watano hadi kumi na mmoja wenu anajua kukata: ombeni mkopo wa halmashauri kwa ajili ya mashine, mtafute shule mbili kabla ya Oktoba, na vitambaa mnunue kwa pamoja kwa bei ya jumla.

Na kama tayari unauza mtumba na umeshachoka na mabelo yanayoshuka daraja, huhitaji kuacha soko. Tafuta fundi mkae meza moja. Mashati makubwa yasiyouzika yanakuwa nguo za watoto, jinzi zilizochanika zinakuwa mifuko na aproni, na kile ulichokuwa unakitupa kinapata bei ambayo hakuna mchambuaji wa mbali aliyeipanga. Anza na rundo moja la vipande vilivyokukalia, mkubaliane mgawanyo kabla hajakata.